Mtoto Analia, Mzazi Yuko Wapi?



Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Uganda. Akishirikiana na taasisi ya utafiti wa jamii iliyokuwa Makerere, alizitembelea familia 26 za Waganda katika vijiji vya karibu na Kampala. Alikaa na akina mama sebuleni, mkalimani pembeni, akitazama watoto wachanga: nani analia, analilia nini, nani anambembeleza. Kitabu chake kilitoka mwaka 1967. Nadharia ya mfungamano wa mtoto na mzazi, ambayo leo tunaipokea kama mtumba kutoka ng'ambo, sehemu yake kubwa ilishonwa hapa hapa kwetu.

Aliona kwamba mtoto mwenye imani na mama yake hutambaa akaenda mbali, akashika hiki na kile, akageuka kuhakikisha mama yupo, kisha akaendelea na shughuli zake. Na mama wa mtoto kama huyo, akiulizwa, alikuwa na mengi ya kusimulia kuhusu mwanawe, hata mambo madogo madogo. Alimjua.

Kumjua mtoto ni pamoja na kujua umri wake unaweza nini. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayotusaidia kujizuia, huendelea kukomaa hadi baada ya miaka 20. Wa miaka 3 tunamdai nini? Huyo hutulizwa na mtu mzima aliyetulia: sauti yake, mkono wake, hata pumzi zake. Kofi humnyamazisha, sikatai. Lakini mtazameni kifuani: kwikwi bado zinamtikisa.

Wahenga walisema mtoto akililia wembe, mpe. Kwa heshima zote, mimi simpi. Ila simwachi alie peke yake. Amenyimwa biskuti dukani, kajibwaga sakafuni, miguu inapiga hewani. Chuchumaa, macho yenu yakutane. "Najua umekasirika, mwanangu. Biskuti leo hatununui. Niko hapa." Halafu nyamaza. Hapo ndipo pagumu, maana watu wanatazama, na mwenye duka naye hakosi la kusema. Usihubiri, mtoto aliyepandwa na hasira hasikii hotuba. Mafunzo yatasubiri mpaka mfike nyumbani, ameshakunywa maji.

Mtaniuliza: mzazi aliyeshinda sokoni tangu alfajiri atautoa wapi utulivu huo? Swali la haki. Kuna siku hatakuwa nao. Bahati nzuri, kwetu malezi hayajawahi kuwa kazi ya mtu mmoja. Yupo bibi, yupo shangazi, yupo dada mkubwa. Ukizidiwa, mpokeze mwenzako, ukapumue. Kumfungia mtoto chumbani mpaka anyamaze hakumsaidii.

Nawageukia akina baba mlio ukumbini. Mtoto akianza kulia leo jioni, msimwite mama yake. Mchukueni nyinyi.