Ushuru wa Motokaa na Kazi ya Kiwandani

(Maneno haya yalisemwa mbele ya wanachama katika darasa la chama la Jumamosi. Tumeyapiga chapa kwa ajili ya wale waliokuwa zamu.)



Tumeombwa tuzungumze juu ya ushuru wa motokaa zitokazo ng'ambo. Wengine wenu mtasema: hayo ni mambo ya Waziri wa Fedha na wenye kuuza magari, yatuhusu nini sisi tunaoshika spana? Yatuhusu sana. Kila mwaka mwezi wa Juni, Bajeti isomwapo, mstari mmoja tu ndani yake waweza kuongeza zamu kiwandani au kuiondoa. Waajiri wana watu wao wa kuusoma mstari huo mapema. Sisi nasi hatuna budi kuusoma.

Tuanze na hesabu, maana wengi husikia ushuru umepanda wasijue umepandia wapi. Tuchukue motokaa iliyokwisha tumika Japani, yenye injini kubwa kupita cc 1,500, ambayo KRA imeikadiria kuwa na thamani ya shilingi 1,000,000 ilipofika Kilindini. (KRA hutumia kitabu chake cha bei, haiangalii risiti ya mnunuzi.) Mwaka 2023 Kenya ilipandisha ushuru wa forodha wa motokaa kutoka 25 kwa mia hata 35 kwa mia. Basi weka shilingi 350,000. Jumla ni 1,350,000. Juu ya jumla hiyo, si juu ya bei ya kwanza, huwekwa ushuru wa bidhaa wa 25 kwa mia, yaani 337,500. Sasa tumefika 1,687,500. Juu ya hiyo tena huja VAT ya 16 kwa mia, shilingi 270,000. Motokaa ya milioni moja imekuwa ya 1,957,500, na bado ziko ada ndogo ndogo ambazo hatukuzihesabu. Mmeona jinsi ilivyo: ushuru hutozwa juu ya ushuru, na kodi juu ya hizo zote.

Wako wasemao kwamba ushuru huu hulipwa na mgeni. Si hivyo. Mjapani aliyeiuza motokaa ile alikwisha pokea fedha zake kabla meli haijang'oa nanga. Anayelipa forodhani ni mwagizaji, naye humpa mnunuzi mzigo wote. Mgeni huumia kwa njia nyingine, nayo ni kukosa soko. Bei ikiwa kubwa mno watu hawanunui, na mwenye kiwanda wa ng'ambo hukaa chini akafikiri: je, niache kuuza huko, au nitafute mlango mwingine?

Mlango huo upo. Tangu tarehe 1 Januari 2005, Kenya, Uganda na Tanzania zilipoanza kutumia ushuru mmoja wa forodha wa Afrika Mashariki, motokaa nzima ilitozwa 25 kwa mia, lakini motokaa iliyokuja vipande vipande ndani ya masanduku ili iunganishwe hapa ilitozwa sifuri. Tofauti hiyo ndiyo ukuta, na nyuma ya ukuta huo ndipo tunapofanyia kazi sisi. Volkswagen waliporudi kuunganisha motokaa Thika mwaka 2016, hawakuja kwa sababu ya kuipenda hewa ya Thika. Walipiga hesabu.

Wazee waliomo humu wanakumbuka kwamba ukuta wa zamani ulikuwa mrefu zaidi. Katikati ya miaka ya 1970 vilianzishwa viwanda vitatu: Leyland pale Thika, ambacho baadaye kiliitwa KVM, General Motors pale Nairobi, ambacho tangu 2017 ni Isuzu East Africa, na AVA pale Mombasa. Serikali yenyewe ilitia fedha zake ndani. Motokaa nzima hazikuruhusiwa kuingia ovyo, na aliyetaka lori alinunua lililofungwa nati hapa. Kisha miaka ya 1990 milango ikafunguliwa. Magari yaliyokwisha tumika yakaingia kwa meli nzima nzima, na hata yalipowekewa sheria ya kutopita umri wa miaka minane bado yalikuwa rahisi kuliko mapya. Viwanda vikabaki na malori, mabasi na pikapu, na motokaa ndogo chache. Sehemu kubwa ya mashine zikakaa zikingoja kazi.

Basi hapo ndipo wenzetu wengi husimama mikutanoni wakasema: ushuru na upandishwe, magari ya mtumba na yafungiwe, kazi zitarudi. Kamati yetu haikatai, lakini twataka kwanza tuulize jambo moja ambalo halisemwi sana. Ndani ya sanduku mna nini?

Maana masanduku hayafanani. Liko sanduku ambalo ndani yake kebini imekuja mabati mabati. Hapo yatakiwa mtu wa kuchomelea, mtu wa kusugua, mtu wa rangi, mtu wa tanuri la kukaushia rangi, mtu wa kukagua. Liko na sanduku jingine ambalo kebini imekwisha chomelewa, imekwisha pakwa rangi, viti vimo, waya zimo, na kazi iliyobaki ni kufunga magurudumu na kutia betri. Motokaa zote mbili zitatoka getini zikiitwa za Kenya. Mtu aliyesoma gazeti hataijua tofauti, lakini mtu wa duka la rangi ataijua, kwa kuwa yeye hatakuwapo.

Tazameni kazi ya mabasi, mfano mwema kuliko yote tulio nao. Chesisi ya basi huja na fremu, injini, gea, ekseli na usukani. Basi! Kilichobaki ni chetu: mabomba ya chuma, mabati ya ubavuni, vioo, sakafu, viti na vitambaa vyake, waya za taa, rangi, hata yale maua na majina ambayo vijana hupenda kuyaandika. Chesisi moja huwapa kazi wachomeleaji, mafundi wa mabati, washona viti, mafundi wa umeme na wapaka rangi, na nyuma yao wako watu wa kiwanda cha mabomba na wa kiwanda cha rangi ambao hawajaiona chesisi ile kamwe. Hapo ndipo tunaposema ushuru umefanya kazi yake. Betri, springi, viti na mabomba ya moshi pia hutengenezwa nchini. Kila kimoja katika hivyo kikiondolewa ndani ya sanduku kikanunuliwa hapa, pana mtu aliyepata mshahara.

Kinyume chake twakijua pia. Nairobi palikuwa na kiwanda cha matairi, kilichoanza kwa jina la Firestone, na baadaye tairi zake tukaziita Yana. Mwaka 2016 utengenezaji ukasimamishwa, na wenyewe wakasema hawawezi kushindana na tairi za bei rahisi zitokazo nje. Jina likabaki, tairi zikaendelea kuuzwa, ila zilitengenezwa mahali pengine. Wenzetu waliokuwa kwenye mitambo ile hawakwenda nazo.

Tusidhani haya ni ya Kenya peke yake. Marekani kuna kisa kilichoanza na kuku. Mwaka 1962 nchi za Soko la Pamoja la Ulaya zilipandisha ushuru wa kuku waliotoka Marekani. Marekani ikakasirika, na mwezi wa Desemba 1963 Rais Johnson akatia sahihi ushuru wa 25 kwa mia juu ya malori madogo, ili kuwapiga Wajerumani na Volkswagen zao. Ugomvi wa kuku ulikwisha zamani. Ushuru ule umedumu zaidi ya miaka 60. Na angalieni wenye viwanda walivyoukwepa. Wajapani walileta pikapu bila bodi ya nyuma, wakalipa ushuru mdogo, bodi ikafungwa baada ya kutoka forodhani. Ford, kampuni ya Marekani yenyewe, ilikuwa ikitengeneza gari dogo la mizigo Uturuki, ikalitia viti vya nyuma ili lipite kama gari la abiria. Likifika bandari ya Baltimore viti hung'olewa. Mwaka 2024 Ford ilikubali kuilipa serikali dola milioni 365 kuimaliza kesi hiyo. Kwa hiyo mtu akiwaambia kwamba mwenye kampuni hupenda nchi yake kuliko faida, mpeni kisa cha viti vile.

Lakini jambo lililo kubwa kwetu ni hili. Njia za kukwepa zilipozibwa, wageni walihamia ndani ya ukuta. Mwaka 1983 Nissan walianza kutengeneza pikapu pale Smyrna, katika jimbo la Tennessee. Ushuru ulileta kiwanda, lakini haukuleta chama. Wafanyakazi wa Smyrna walipiga kura ya kujiunga na chama cha UAW mwaka 1989, na tena 2001, na mara zote mbili chama kilishindwa. Jimboni humo humo, pale Chattanooga, wa Volkswagen walishindwa mwaka 2014 na 2019, wakashinda mwezi wa Aprili 2024. Hesabuni wenyewe ni miaka mingapi kati ya Smyrna na ushindi ule. Ukuta wa forodha humlinda mwenye kiwanda tangu siku ya kwanza. Mfanyakazi hulindwa na mapatano ya kazi, nayo hayaandikwi forodhani.

Australia walikwenda njia ya pili. Katika miaka ya 1980 ushuru wao wa motokaa ulifika 57.5 kwa mia. Wakaushusha kidogo kidogo, na mwaka 2010 ukawa 5 tu. Hatusemi ushuru peke yake ndio uliowaua. Fedha yao ilikuwa imepanda thamani, soko lao ni dogo, na serikali ikaacha kuwasaidia. Lakini Ford walifunga Oktoba 2016, Toyota na Holden Oktoba 2017, na nchi iliyokuwa ikitengeneza Holden tangu 1948 ikabaki kununua kwa wengine.

Tena mwaka 2025 Marekani ilianza kutoza 25 kwa mia juu ya motokaa zote zitokazo nje. Viongozi wa UAW waliushangilia ushuru huo, na viongozi wa Unifor, chama cha wenzao ng'ambo ya mpaka huko Kanada, waliupinga. Siku ile ile ulipoanza, mwezi wa Aprili, Stellantis walitangaza kusimamisha kwa muda kiwanda cha Windsor cha Kanada na kile cha Toluca cha Meksiko. Pamoja na hao wakawapumzisha wafanyakazi 900 ndani ya Marekani yenyewe, kwa sababu hao ndio waliokuwa wakitengeneza sehemu za kupeleka viwanda vile viwili. Hilo tulikumbuke sisi ambao malori yetu huuzwa Uganda na Tanzania. Ukuta una pande mbili, na jirani naye ana mawe.

Sasa twafika penye ugumu, na hatutaki kuuficha. Katika ukumbi huu wamo watu wa viwanda vya kuunganisha, lakini wamo na madereva, na makanika wa gereji. Siku ushuru ulipofika 35 kwa mia, wa kwanza walifurahi na wa pili walinung'unika, na wote wana haki. Gari lililokwisha tumika likipanda bei, dereva aliyekuwa akijiwekea akiba anunue lake huendelea kumwendeshea mtu mwingine. Fundi wa Kirinyaga Road hula kwa magari hayo ya zamani. Gari jipya halimfikii kwa miaka mingi. Wako ndugu wa tumbo moja, mmoja yupo Thika na mwenziwe yupo Kirinyaga Road. Chama kikisema tu "pandisheni," kimemchagua mmoja kikamsahau mwingine.

Kamati yetu yaona haki ni hii: kama dereva na fundi wanaombwa kulipa zaidi ili kiwanda kiishi, basi kiwanda kina deni kwao na kwetu. Kupunguziwa ushuru wa masanduku kufungwe pamoja na kazi inayofanyika, yaani sanduku lifunguliwe mpaka kwenye kuchomelea na rangi, si mpaka kwenye nati za magurudumu tu. Kila mwaka kitu kingine kitoke sandukuni kinunuliwe kwa watengenezaji wa nchini. Na ajira iwe ajira. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 37, yasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja huhesabiwa kuwa mwajiriwa wa mshahara wa mwezi. Haiwezekani mtu alindwe na taifa zima forodhani, kisha getini kwake watu waitwe vibarua miaka nenda miaka rudi.

Ili tuyapeleke maneno haya kabla ya Bajeti twahitaji habari za kweli, nazo zimo mikononi mwenu. Mwanachama aliye kwenye mstari wa kuunganisha na aandike ni vitu gani hufika tayari ndani ya sanduku, na ni vipi hufanywa hapa, kwa lori na kwa motokaa ndogo mbalimbali. Wa duka la rangi na waandike ni kebini ngapi hupita kwao kwa wiki na ngapi huja zimepakwa. Ndugu madereva na makanika nao waandike bei za magari na za spea kabla ya 2023 na baada yake. Majina ya waandishi hayatatolewa. Karatasi zitapokewa na wawakilishi wetu kazini hadi siku ya mwisho ya mwezi, na atakayeshindwa kuandika aje ofisini jioni yoyote baada ya saa kumi na moja, ataandikiwa.