Mji Mdogo Nao Una Historia

Leo nataka kusema nanyi kwa habari ya jambo ambalo watu wengi hulidharau, nalo ni historia ya mji mdogo. Mtu asikiapo neno historia, mara hufikiri habari za wafalme, vita na mikataba. Hafikiri habari za mwanamke aliyechemsha chumvi, wala za mpagazi aliyebeba mzigo wa askari, wala za mhunzi aliyefua jembe. Nia yangu ni kuwaonyesha ya kuwa habari hizo nazo ni historia, ya kuwa zinapotea upesi, na ya kuwa kuziokoa ni kazi iwezekanayo kwa kila ajuaye kusoma na kuandika.

Na tuanze na jiwe lililo katika nchi yetu wenyewe. Kwenye mteremko wa kilima cha Marengi, wilayani Mbozi, kiko Kimondo cha Mbozi, ambacho karibu chote ni chuma. Urefu wake ni meta 3 hivi, na uzito wake wakadiriwa kuwa tani 16. Vitabu vyasema kwamba kimondo hiki kilivumbuliwa mwaka 1930 na mpima ardhi aitwaye W. H. Nott. Je, kabla ya mwaka ule hapakuwa na mtu aliyekiona? Wenyeji walikijua tangu zamani. Basi kwa nini jina la mvumbuzi likawa la mgeni? Sababu ni moja tu: yeye alipeleka habari zake kwa maandishi, nao wenyeji habari zao zilikaa vinywani. Jambo hili si la kumlaumu mpima ardhi yule. Ni la kutufundisha sisi. Asiyeandika mambo yake ataandikiwa na mwingine, na huyo mwingine ataanza kuhesabu tangu siku aliyofika yeye.

Pengine mtasema, Kimondo ni kitu kikubwa, mji wetu una nini? Twende basi Ivuna, huko Momba, karibu na Ziwa Rukwa. Katika miaka ya 1960 wataalamu wa mambo ya kale walichimba mahali pa chumvi pale. Hawakupata jumba la mfalme wala ngome. Walipata vigae vya vyungu na dalili nyingine za watu waliotengeneza chumvi tangu karibu karne ya 13 hata ya 15. Chungu kilipovunjika, mwenyewe alikitupa asikifikirie tena. Na leo kigae kile kile ndicho kinachotuambia ya kuwa watu wa nchi hii walikuwa na kazi yao ya kutengeneza chumvi zaidi ya miaka 600 iliyopita. Yale tunayoyaona kuwa takataka za maisha ya kila siku, hayo ndiyo watakayoyatafuta wajukuu wetu.

Sasa tuje Tunduma yenyewe. Mwaka 1890 Waingereza na Wadachi walipatana Ulaya juu ya mpaka wa nchi walizozitwaa, na mstari wao ukapita katikati ya Wanyamwanga, hata ndugu wa ukoo mmoja wakawa huku na huku. Leo huku ni Tunduma na ng'ambo ni Nakonde, katika Zambia. Mapatano yale yameandikwa, na tarehe yake yajulikana: 1 Julai 1890. Lakini ni nani aliyeandika jinsi watu walivyoishi na mstari ule? Mama aliyeolewa ng'ambo alikwendaje kumzika baba yake? Mkulima aliyekuwa na shamba upande wa pili alifanyaje? Hayo hayamo katika mkataba. Yamo katika vichwa vya wazee, na hayamo penginepo.

Na habari za Vita Kuu ya 1914 hata 1918 ni vivyo hivyo. Vitabu vyatuambia kwamba mwezi wa Novemba 1918 Jenerali von Lettow-Vorbeck alipita na askari wake karibu na Fife, si mbali na hapa, akaingia katika nchi ambayo sasa ni Zambia, na kwamba tarehe 25 Novemba alisalimu amri huko Abercorn, mji uitwao sasa Mbala. Jina la jenerali twalijua, na majina ya maofisa wake twayajua. Lakini wale maelfu ya wapagazi waliobeba vyakula na risasi za pande zote mbili, wengine wakafa njiani kwa njaa na maradhi, walio wengi majina yao hayajulikani. Wote walioviona vita vile wamekwisha kufa. Mlango ule umefungwa, wala hakuna awezaye kuufungua.

Lakini uko mlango mwingine ambao haujafungwa bado. Mnamo miaka ya 1970 hata 1975 ilijengwa reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilometa 1,860, kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, kwa msaada wa Wachina. Mwaka 1973 reli ilifika mpakani hapa Tunduma. Haya, tufanye hesabu. Kijana aliyekuwa na miaka 20 siku zile sasa amepita miaka 70. Yeye anakumbuka mshahara wake wa kwanza na alichonunua nao. Anakumbuka maneno machache ya Kichina aliyojifunza, na chakula walichokula kambini, na jina la mwenzake aliyeumia kazini. Hao wazee bado wanaota jua mbele ya nyumba zao. Lakini kila mwaka wanapungua. Tukingoja miaka kumi tu, tutabaki na tarakimu za kilometa peke yake.

Msidhani kwamba maisha ya mtu mnyonge hayawezi kuwa kitabu. Bibi mmoja wa misheni ya Wamoravia, Elise Kootz-Kretschmer, aliketi na wanawake wa nchi hizi za kusini-magharibi, akaandika waliyomsimulia juu ya maisha yao. Mmoja wao aliitwa Narwimba, mwanamke aliyepita katika nyakati za vita na utumwa, mwishoni mwa karne ya 19. Hakuwa malkia. Lakini kwa kuwa habari zake ziliandikwa, mwanahistoria Marcia Wright aliweza kuzieleza tena katika kitabu chake cha mwaka 1993, na leo wanafunzi wa vyuo vikuu vya nchi za mbali wanalijua jina lake. Ingekuwa aibu wamjue wao, na sisi watu wa nchi yake tusimjue.

Sasa mtaniuliza, Kazi hii hufanywaje? Nitaeleza kwa ufupi.

Kwanza, usimwendee mzee na kusema, Niambie historia. Neno hilo litamtisha, naye atajibu ya kuwa hajui kitu. Mwamkie kwa adabu, keti, umwulize mambo madogo. Ulipokuwa mtoto, soko lilikuwa wapi? Watu walileta nini, nao walibadilishana kwa nini? Maji mliteka wapi? Mahali hapa paliitwaje kabla ya jina la sasa? Kahawa ya kwanza uliiona kwa nani? Swali dogo huzaa jibu kubwa.

Pili, mzee asipojua mwaka, mshikize na jambo linalojulikana. Mwulize kama lilitokea kabla ya Uhuru wa mwaka 1961 au baadaye. Kabla ya kuhamia vijijini, miaka ya 1973 hata 1976, au baadaye. Kabla ya mkoa wa Songwe kuanzishwa mwaka 2016. Watu wa Momba wanayo alama yao wenyewe: tarehe 16 Desemba 1938 kimondo kidogo kilianguka Ivuna, na habari iliyopokewa kwa wazazi, kwamba fulani alizaliwa kabla yake au baada yake, ina thamani kuu.

Tatu, andika jina la msimulizi, umri wake, kijiji chake, na tarehe ya mazungumzo. Andika maneno yake kama alivyoyasema, hata yakiwa ya Kinyiha, Kinyamwanga au Kindali, kisha andika maana yake kwa Kiswahili. Neno la kazi likipotea, na kazi yenyewe husahauliwa. Ukimaliza, msomee mwenyewe asahihishe. Wazee wawili wakipingana, usichague. Andika ya wote wawili.

Nne, jihadharini. Ziko habari za koo, za utumwa wa zamani na za mipaka ya mashamba, ambazo zaweza kuwaaibisha watu walio hai au kuleta ugomvi. Mwulize msimulizi kama apenda zisomwe mbele ya watu. Akikataa, heshimu neno lake.

Vijana watasema, Tunazo simu, nazo zinanasa sauti. Vyema, zitumieni, kwa maana sauti ya babu ni hazina. Lakini simu huibwa, huvunjika, na kubadilishwa. Yaliyonaswa yaandikwe katika daftari, nalo daftari linakiliwe, nakala moja ikae shuleni na nyingine katika ofisi ya kijiji. Wahenga walisema, Mali bila daftari hupotea bila habari.

Jambo la mwisho ni kushirikiana. Habari iliyofungiwa sandukuni ni sawa na mbegu isiyopandwa. Kila shule iweke siku moja katika mwaka, wanafunzi wasome mbele ya wazazi yale waliyokusanya. Hapo mzee mmoja atainuka na kusema, Sivyo, ilikuwa hivi. Na mwingine atakumbuka alichokuwa amekisahau. Katika mji kama Tunduma, ambamo watu wengi wametoka mbali kwa ajili ya biashara, siku hiyo itamsaidia mgeni kujua ameingia katika nyumba ya nani, naye pia aulizwe habari za safari yake, kwa kuwa kuja kwake ni sehemu ya historia ya mji.

Basi, wanafunzi, kazi ya kwanza ni nyepesi. Kabla ya juma hili kwisha, kila mmoja amwendee mzee mmoja na swali moja, na jibu lake aliandike ukurasa mmoja tu. Nanyi wazee wetu, mtoto akija na kalamu yake, msimfukuze kwa kusema mnayo shughuli. Hiyo nayo ni shughuli, na hakuna mwingine awezaye kuifanya badala yenu.