Tusiwaache Langoni: Juu ya Kuchagua Chuo na Gharama ya Elimu ya Juu

Hotuba iliyosomwa na Katibu wa Kamati ya Elimu mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Hesabu ya chama imekwisha kusomwa na Mtunza Hazina, nanyi mmesikia kwamba, ukiondoa gharama za mazishi, fungu kubwa la fedha zetu limetumika kwa elimu. Jambo hilo ni la kujivunia. Lakini sikusimama hapa ili niwasifu. Nimesimama kuwaambia kwamba baadhi ya fedha hizo zimepotea, na wala hazikuibwa na mtu. Tulizipoteza sisi wenyewe kwa kutofikiri mbele.

Miaka mitatu iliyopita tulikusanyika mahali hapa hapa kwa harambee ya kijana wetu mmoja aliyepata nafasi katika chuo kikuu. Wengi mwaikumbuka siku ile. Tulichanga, tukaimba, tukamnunulia sanduku na godoro, tukakodi gari, na wazee wanne wakamsindikiza hadi langoni mwa chuo. Leo kijana huyo yuko nyumbani. Hakufukuzwa kwa utovu wa adabu, wala hakushindwa na masomo. Alimaliza mwaka wa kwanza vizuri, akaingia wa pili, karo ikakosekana, akazuiwa kufanya mtihani, naye akarudi. Sasa anapakia mifuko ya saruji kwa ujira wa kutwa. Wazazi wake wameniruhusu nilitaje jambo hili kwa sharti nisimtaje jina, nami nawashukuru, maana pasipo ruhusa yao maneno yangu yangekuwa ya hewani tu.

Swali langu kwenu ni hili: ilikuwaje watu wazima zaidi ya mia moja wamsindikize mtoto hadi langoni, asipatikane hata mmoja wa kuuliza, "Na mwaka wa pili je?"

Nadhani jibu limo katika desturi tuliyoirithi. Mwezi wa Septemba 1959, Tom Mboya na wenzake walipoandaa ndege ya kwanza ya kuwapeleka vijana wetu Marekani, wanafunzi 81 waliondoka. Vyuo vya huko vilikuwa vimekwisha kuwapa nafasi. Kikwazo kikubwa kilikuwa nauli. Katika nchi zetu siku zile Makerere ilikuwa na nafasi chache, na Chuo cha Ufundi cha Nairobi kilikuwa kimeanza kupokea wanafunzi mwaka 1956 tu. Basi baba zetu na babu zetu walichanga senti kwa senti ili mtoto apate kufika. Hata baada ya Uhuru mambo yaliendelea vivyo hivyo, kwa kuwa Serikali ilimlipia mwanafunzi wa chuo kikuu masomo yake, ikampa mahali pa kulala, chakula, na fedha kidogo za matumizi. Mzigo wa ukoo ulikuwa ni njia ya kufikia lango. Ndani ya lango Serikali ilipokea mzigo. Kwa nyakati zile desturi ya kusindikiza ilitosha kabisa.

Nyakati hizo zimepita, wala hazikupita kwa siku moja. Mwaka 1974 Serikali ilianza kuwakopesha wanafunzi. Mwaka 1991 wakatakiwa kuchangia karo. Mwaka 1995 Bunge likaunda Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, ndiyo HELB tunayoijua sote. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kikaanza kupokea wanafunzi wa kujilipia gharama yote. Hata hivyo, yule aliyepelekwa chuoni na Serikali aliendelea kwa miaka mingi kutozwa shilingi 16,000 tu kwa mwaka kuwa karo ya masomo, na kwa sababu hiyo sisi wazee hatukuamka usingizini.

Kisha ukaja mwaka 2023. Serikali ilileta mpango mpya, kila somo likawekewa bei yake kamili, na bei hiyo ikagawanywa mafungu matatu: ufadhili wa Serikali, mkopo wa HELB, na mchango wa jamaa wa mwanafunzi. Katika vyuo vingine vya umma bei ya masomo ya udaktari ilizidi shilingi laki sita kwa mwaka. Mwaka 2024 wanafunzi waligawanywa katika makundi matano kwa kadiri ya uwezo wa nyumba zao. Kundi la kwanza, la maskini kabisa, lilipewa ufadhili wa asilimia 70, mkopo wa asilimia 25, na jamaa wakaachiwa asilimia 5. Kundi la tano lilipewa ufadhili wa asilimia 30, mkopo wa asilimia 30, na jamaa wakabebeshwa asilimia 40. Mwezi wa Desemba 2024 Mahakama Kuu ilitamka kwamba mpango huo haupatani na Katiba, na shauri likapelekwa katika Mahakama ya Rufani. Kwa hiyo asiwepo mzazi wa kudhani kwamba viwango atakavyosomewa mtoto wake akiingia ndivyo vitakavyokuwapo akitoka.

Hata hivyo, hesabu ya viwango hivyo inatufundisha. Tuchukue somo la miaka minne ambalo bei yake ni shilingi 240,000 kwa mwaka. Jamaa wa kundi la kwanza watatoa shilingi 12,000 kila mwaka. Jamaa wa kundi la tano watatoa 96,000 kila mwaka, yaani 384,000 kwa miaka minne, nao ni watoto wa darasa moja, wameketi benchi moja. Tena mtoto huchagua somo kwanza, na kundi lake hulijua baadaye. Basi mzazi mwenye busara hupanga kwa kufuata hesabu iliyo nzito, si ile iliyo nyepesi.

Wala yule wa kundi la kwanza asijione amepona. Asilimia 25 ya bei ile ni mkopo wa shilingi 60,000 kwa mwaka, ambao kwa miaka minne ni 240,000. Kundi hilo liliruhusiwa pia mkopo wa shilingi 60,000 kwa mwaka wa kujikimu. Huo nao kwa miaka minne ni 240,000. Jumla ni shilingi 480,000, kabla ya riba, ambayo kwa mikopo ya HELB imekuwa asilimia 4 kwa mwaka. Wahenga walisema, kukopa harusi, kulipa matanga. Siwakatazi watoto wetu kukopa. Mkopo umewatoa wengi gizani. Nasema tu kwamba anayekopa aijue jumla yake tangu siku ya kwanza, na ajue kwamba akisha kumaliza masomo deni litamtafuta, apate kazi au asipate.

Sasa nije kwenye kuchagua chuo, maana hapo ndipo gharama huzaliwa. Nimeona watoto wakichagua chuo kwa uzuri wa jina lake, au kwa sababu rafiki yuko huko, au kwa kuwa mjomba alitamka neno "mhandisi" mbele ya wageni. Yapo maswali manne ambayo yafaa yaulizwe nyumbani kabla ya jina lolote kuandikwa.

Swali la kwanza: je, chuo na somo lenyewe vimekubaliwa? Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ndiyo inayothibitisha vyuo vikuu na masomo yake, na kazi nyingine, mathalani uhandisi, uuguzi na sheria, zina mabaraza yake ambayo huangalia mahali mtu aliposomea. Cheti ambacho baraza halikitambui ni karatasi ghali.

Swali la pili: bei ni ngapi kwa miaka yote? Si kwa muhula wa kwanza. Ualimu ni miaka minne, uhandisi mitano, udaktari sita. Bei ya mwaka izidishwe kwa miaka hiyo, na jumla iandikwe kwa wino.

Swali la tatu: mtoto atalala wapi na kula nini? Vyumba vya chuoni aghalabu havitoshi, na kodi ya nyumba katika mji mkubwa yaweza kushindana na karo. Chuo kilicho karibu na ndugu mwema, penye kitanda na sahani ya ugali, chaweza kuwa nafuu kuliko chuo chenye sifa kilicho mbali.

Swali la nne: je, ni lazima kiwe chuo kikuu? Hapa naomba wazee mnivumilie. Mtoto mwenye alama ya C+ katika mtihani wa Kidato cha Nne aweza kuomba digrii. Mwenye C- aweza kuomba diploma. Mwenye D aweza kuomba cheti cha ufundi. Kwa miaka kadhaa tangu mwaka 2018, karo ya vyuo vya ufundi vya umma ilikuwa shilingi 56,420 kwa mwaka. Serikali ilitoa 30,000 kati ya hizo, jamaa wakabakiwa na 26,420. Wako kati yetu wanaoona haya kusema mtoto wao anasomea umeme au mabomba. Haya hiyo haina msingi. Hapa Mombasa penyewe, Chuo Kikuu cha Kiufundi kilianza kama shule ya ufundi ya Waislamu iliyojulikana kwa jina la MIOME, kikawa politekniki mwaka 1972, na kikawa chuo kikuu kamili mwaka 2013. Ikiwa chuo chenyewe kilipanda ngazi moja moja, mtoto naye aweza kuanza na diploma, akafanya kazi, akasoma digrii baadaye kwa jasho lake.

Bwana Mwenyekiti, maneno pasipo matendo hayalipi karo. Kamati ya Elimu inaleta mapendekezo matatu mbele ya mkutano huu.

La kwanza, mara matokeo ya Kidato cha Nne yatokapo, Kamati ikae na kila mtoto pamoja na wazazi wake kabla hajachagua masomo, wajibu maswali manne niliyoyataja, na karatasi ya hesabu iwekwe katika jalada la chama.

La pili, harambee ya lango ikome. Fedha zitakazochangwa kwa ajili ya mwanafunzi zigawanywe kwa hesabu ya miaka yake yote, ziwekwe benki katika akaunti yake ya peke yake, na kila mwaka litolewe fungu la mwaka huo tu, likalipwe chuoni, na stakabadhi iletwe kwa Mtunza Hazina.

La tatu, tusimpokee mwanafunzi mpya mpaka tuwe tumewatengea wale walioko njiani. Najua yuko atakayesema kwamba kwa kufanya hivi tutawasaidia watoto wachache zaidi. Ni kweli, nami sitaificha. Mwaka ujao huenda mzazi mmoja aliyeketi hapa akaambiwa angoje, nalo litakuwa jambo chungu, na huenda mzazi huyo akawa mimi, kwa kuwa binti yangu yuko Kidato cha Nne. Hata hivyo nasema, afadhali watoto wawili wenye vyeti kuliko watano wenye picha za langoni.

Na kama mtakubali pendekezo hilo la tatu, wa kwanza awe yule kijana wetu. Tumeuliza chuoni kwake, nasi tumejibiwa kwamba akilipa deni lake aweza kurudi katika mwaka wa pili. Nilimwomba Mtunza Hazina anifunulie daftari la siku ile ya harambee. Deni lililomrudisha kijana huyu nyumbani ni dogo kuliko fedha tulizotumia siku ile kwa gari, turubai na chakula. Nimelisoma daftari hilo mara mbili, nikidhani nimekosea kuhesabu. Sikukosea.

Wazee wangu, maji mkiyavulia nguo hamna budi kuyaoga. Tulimvulia nguo kijana huyu mbele ya watu, tukamwacha ufukoni. Naomba mkutano huu upige kura juu ya mambo haya matatu kabla hatujatawanyika, na ikiwa mtakubali, mimi nitakuwa wa kwanza kuandika mchango wangu katika daftari jipya, na safari hii pasiwe na turubai.