Kituo cha Kura Kimfuate Mpiga Kura

Nchini Australia, Waaborijini na watu wa Visiwa vya Torres Strait, ambao ndio wenyeji wa asili wa nchi hiyo, walihakikishiwa wote haki ya kupiga kura katika uchaguzi wa shirikisho mwaka 1962, na tangu mwaka 1984 sheria inawalazimu kujiandikisha na kupiga kura kama raia wengine. Hata hivyo, jimbo la uchaguzi la Lingiari, linalojumuisha karibu eneo lote la Northern Territory nje ya Darwin, lina ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba milioni 1.3, hivyo Tume ya Uchaguzi hutumia vituo vinavyohamahama, yaani timu za maofisa wanaofika vijijini kwa ndege ndogo au magari na kupokea kura kabla ya siku ya uchaguzi. Huduma hiyo haitoshi pale timu inapokaa kwa saa chache wakati wanakijiji wamesafiri msibani, au pale mpiga kura asiyekimudu Kiingereza anapokosa mkalimani. Dola inayomlazimu raia kupiga kura inawajibika kumpatia kituo, muda wa kutosha na maelezo kwa lugha anayoielewa.