Mji Unakula Nini?

Tuitazame ardhi ya Edmonton, London. Kitabu cha Domesday, orodha ya ardhi ya Uingereza ya 1086, kilihesabu plau zake. Reli ya 1872, yenye nauli nafuu za wafanyakazi, ndiyo iliyogeuza mashamba kuwa nyumba.

Yakuhusu nini, wewe unayenunua ndizi Edmonton Green? Sikiliza: mji huanza chakula kinapozidi. Kule Uruk, Iraki, zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, nafaka ya ziada ililisha mafundi, waandishi, na watoza kodi, hawakosekani!

Kwa upande mwingine, wapo wanaosema mji wa kale wa Shanga, kisiwani Pate, Kenya, ulikuzwa na biashara, si jembe. Wana hoja. Ila mfanyabiashara naye hula.

Je, mji uliofunika mashamba yake kwa lami utalishwa na nani?