Vumbi la Paa la Zamani

Ndugu fundi wa Handeni na Korogwe, leo tuzungumze juu ya mabati ya asbesto, yale mazito ya kijivu. Yakiwa mazima juu ya paa hayadhuru sana. Hatari huanza unapoyakata kwa msumeno. Vumbi lake ni nyuzi zisizoonekana kwa macho, nazo hukaa mapafuni. Mwaka 1960 madaktari wa Afrika ya Kusini walieleza saratani ya utando wa mapafu, iliyowapata wachimbaji wa asbesto na hata majirani wa machimbo. Huchelewa miaka 20 hadi 40, hata mtu amekwisha kuisahau kazi yenyewe. Basi ukiambiwa uezue, yamwagie maji kwanza, ng'oa misumari bila kuyavunja, wala usifagie pakavu. Kitambaa cha puani hakizuii nyuzi hizo. Na nguo za kazi usimpelekee mkeo azikung'ute.