Hesabu ya Magunia
(Maneno ya Katibu wa Tawi kwenye mkutano wa wazazi)



Malalamiko tumeyasikia. Inasemwa watoto wa Darasa la Tano siku hizi hawafundishwi hesabu, wanazururishwa ghalani. Na sisi wa kamati tulisema hivyo hivyo. Tuliosoma ngumbaro tulizoea mwalimu aandike ubaoni, nasi tufuatishe.

Basi tukaenda kuona. Mwalimu hakuanza na kanuni, alianza na swali: mkulima akileta magunia 12 ya mahindi, ushirika umlipe kilo ngapi hasa? Akanyamaza. Watoto wakakaa vikundi, wakabishana. Mmoja akauliza, gunia tupu lina uzito gani? Mwalimu akamrudishia: utajuaje? Wakaweka gunia moja kwenye mizani kubwa, mshale ukacheza kidogo tu, hausomeki. Binti mmoja akasema, tupime kumi kwa pamoja. Kilo 11. Hapo ndipo desimali ilipohitajika, na hapo ndipo mwalimu aliposhika chaki: 11 gawanya kwa 10 ni 1.1.

Sasa jamani, ushirika wetu umekuwa ukikata kilo 2 kila gunia. Tangu lini, hakuna anayekumbuka. Watoto wakatoa: 2 kutoa 1.1 ni 0.9. Msimu uliopita tulipokea magunia 340. Ni kilo 306, magunia matatu na zaidi, jasho la watu. Mweka Hazina alirudia mara mbili, hakuona kosa. Aibu ni yetu, siyo ya mizani.

Jambo hili si geni. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka shule ijenge akili ya kuuliza. Na kisomo cha kanda ya Ziwa, kuanzia 1968, kilitumia vitabu vya pamba, ndizi na uvuvi. Wazee walisoma kwa kazi zao wenyewe.

Lakini waliolalamika hawakukosea yote. Kikundi kimoja kilikwama kwa kutojua tisa mara nne! Tumekubaliana na mwalimu: jedwali la kuzidisha kila asubuhi, maswali ya ghalani mara moja kwa wiki.

Kuhusu zile kilo 306, kila aliyeuza aje Jumamosi na stakabadhi yake. Watoto watakuwepo kuhesabu. Jumatatu wanapima tangi la maji, kila mtoto aje na kamba ya mita mbili.